Daftari Moja la Kamati ya Harusi: Namna ya Kuanza na Zana za Bure za Mtandaoni

Kila kamati ya harusi ninayoijua hapa Moshi huanza na orodha kwenye WhatsApp. Mtu anaandika jina na ahadi yake, anayefuata anakopi ujumbe wote, anaongeza lake chini, anapesti. Wawili wakiandika kwa wakati mmoja, orodha zinakuwa mbili. Kufika jioni ziko nyingi, na Mama Lilian aliyekuwa namba 14 hayupo tena kwenye ile ya mwisho. Mhazini naye ana kaunta buku lake, mwenyekiti ana karatasi mfukoni mwa koti, na kikao cha Jumapili kinaliwa na maswali ya nani katoa na nani bado. Hakuna aliyeiba. Hesabu ni nyingi na hazifanani, basi.

Mimi nina steshenari mitaa ya nyuma ya stendi, na kwa kuwa nakaa na kompyuta kutwa, ukoo na majirani wamezoea kunipa ukatibu. Ninayoandika hapa ndiyo njia ninayoitumia kila ninapopewa kamati mpya. Natumia zana za bure za Google zinazofunguka ndani ya brauza: jedwali la hesabu, hati ya kuandikia, fomu, kalenda na kabati la kuhifadhia mafaili. Za mwanzo zimekuwepo tangu 2006, si jambo geni. Watu wengi wanazo kwenye simu zao tangu siku waliyozinunua na hawajawahi kuzifungua. Nimechagua harusi kwa sababu kila mtu anaijua. Mwenye kikoba, mwenye kwaya, au wale wanaopangiana zamu za maji ya mfongo, yaani mfereji, kule Uru na Kibosho, afuate hatua hizi hizi abadilishe majina ya kolamu.

Ninachokisimamia ni kimoja: hati iwe moja, ikae mahali pamoja, na kila mwanakamati aifuate huko huko. Mtu akisema "nitumie hilo faili", mpe linki. Ukianza kutuma nakala, mmerudi kwenye zile orodha za WhatsApp.

Akaunti iwe ya kamati

Fungua akaunti mpya ya Gmail kwa ajili ya kamati. Usitumie ya kwako. Faili hubaki mali ya akaunti iliyolitengeneza, na katibu ni binadamu: anaweza kusafiri, kuugua, kuibiwa simu Mbuyuni, au kugombana na familia katikati ya maandalizi. Kamati isije ikakosa hesabu zake kwa sababu ya mtu mmoja.

Akaunti ya bure inakupa nafasi ya GB 15, ambayo hugawanywa kati ya barua pepe, mafaili na picha. Kwa hesabu na mihtasari hutaimaliza. Kinachoimaliza ni picha, kwa kuwa tangu Juni 2021 picha zote mpya zinazopandishwa Google Photos nazo zinahesabiwa humo. Kwa hiyo ukiiweka akaunti ya kamati kwenye simu yako, hakikisha simu haipandishi picha zako zote kule. Nafasi ikijaa, hata barua pepe zinaacha kuingia.

Nywila iwe ndefu, maneno kadhaa yasiyohusiana, na isiwe jina la bibi harusi na mwaka. Iandikwe kwenye karatasi, iwekwe kwenye bahasha, ikae kwa mwenyekiti. Namba ya simu ya kurejeshea akaunti iwe laini iliyo hai, inayotumika kila siku. Laini iliyolala droweni muda mrefu kampuni hufungia, na namba inaweza kuja kupewa mtu mwingine. Siku ukihitaji ujumbe wa uthibitisho utakwenda kwake. Washa uthibitishaji wa hatua mbili (nywila, kisha uthibitisho wa pili kama namba inayokuja kwenye simu) kwenye sehemu ya usalama, kisha chapisha zile namba kumi za akiba ambazo Google hukupa, nazo ziingie bahasha ile ile. Na wote wenye kuishika akaunti waelewe jambo hili: ujumbe wa Google wenye namba inayoanza na G- hasomewi mtu yeyote kwenye simu, hata akijitambulisha kuwa anatoka kampuni ya simu, hata akijua jina lako kamili.

Kama huna kompyuta, nenda steshenari au intaneti kafe, lakini fanya kazi ndani ya dirisha la Incognito. Ukilifunga, akaunti inatoka yenyewe. Nimeona barua pepe za watu zikibaki wazi kwenye mashine za umma mpaka anayefuata anazisoma, na nyingi zina mambo ya nyumbani kabisa.

Neno moja kuhusu lugha. Akaunti ya Google inaweza kuwekwa Kiswahili kwenye mipangilio. Hapa nataja vitufe kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo simu na kompyuta nyingi za kwetu zinavyoonyesha.

Shiti ya ahadi na malipo

Hapa ndipo kazi ilipo, na nitakaa hapa kidogo. Kutengeneza fanya kwenye kompyuta. Kujaza kutafanyika hata kwenye simu, ukishapakua programu ya Google Sheets.

Ukiwa ndani ya akaunti ya kamati, andika sheets.new pale juu kwenye brauza ubonyeze Enter. Linafunguka jedwali tupu, ndiyo shiti yenyewe. Lipe jina juu kushoto. Kisha ingia File, halafu Settings, uweke Locale iwe United Kingdom na saa ziwe za GMT+3. Hii si kupenda Uingereza. Ukiacha mpangilio wa Marekani, tarehe 5/12 itasomwa kuwa Mei 12, na siku ukipanga malipo kwa tarehe utachanganyikiwa.

Chini kushoto kuna kichupo kimeandikwa Sheet1. Kibofye mara mbili ukiite Ahadi. Ongeza kingine kwa alama ya kujumlisha, kiite Malipo.

Kwenye Ahadi mstari wa kwanza uwe hivi: kolamu A Namba, B Jina, C Simu, D Ahadi, E Ametoa, F Baki. Kwenye Malipo: A Tarehe, B Namba ya mchangiaji, C Kiasi, D Njia, E Aliyepokea.

Kwa nini vichupo viwili? Kwa sababu watu wetu hupunguza. Leo elfu thelathini, mwisho wa mwezi elfu hamsini, wiki ya harusi anamalizia. Ukiwa na seli (kisanduku cha jedwali) moja tu unayoifuta na kuandika upya kila akitoa, hakuna kumbukumbu ya lini alitoa wala alimpa nani, na hapo ndipo maneno yanapoanzia. Kila shilingi inayoingia iwe na mstari wake kwenye Malipo. Haufutwi.

Na kwa nini namba badala ya jina? Kwa sababu kamati ya Moshi isiyo na Mushi watatu na Mama Neema wawili bado sijaiona. Anayeahidi anapewa namba, na hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye Malipo.

Sasa shiti ifanye hesabu yenyewe. Kwenye kichupo cha Ahadi, seli E2 (kolamu E, mstari wa 2), andika:

=SUMIF(Malipo!B:B,A2,Malipo!C:C)

Maana yake: pitia kolamu B ya Malipo, kila ukikuta namba iliyoko A2, chukua kiasi kilichoko kolamu C ujumlishe. Seli F2 andika =D2-E2. Kisha chagua E2 na F2 kwa pamoja, shika ile alama ndogo kwenye kona ya chini kulia, uiburute mpaka mstari wa 200. Kuanzia hapo hakuna anayeandika kitu kwenye kolamu E na F. Mhazini akiandika malipo upande wa pili, huku inabadilika palepale.

Jumla usiiweke chini, maana orodha inaongezeka kila siku. Iweke pembeni juu: H1 andika Jumla ya ahadi, I1 andika =SUM(D2:D). H2 andika Jumla iliyoingia, I2 andika =SUM(E2:E). Mwenyekiti akifungua tu anaziona hizo mbili, na mara nyingi ndizo pekee anazozitaka.

Yapo mambo mawili yanayoharibu shiti nyingi ninazoletewa dukani kusaidiwa. La kwanza ni kuandika pesa kama tunavyoandika kwenye risiti: 50,000/= au Tsh 50,000 au "laki". Kompyuta inaona ni maneno, haijumlishi, na wala haikuambii kwamba haijajumlisha. Andika 50000 tupu. Mikato itawekwa na mpangilio wa namba, pale Format, kisha Number. Kuna namna rahisi ya kukagua: tazama kolamu ya kiasi kwa jicho tu. Iliyosomwa kuwa namba hukaa upande wa kulia wa seli, iliyosomwa kuwa maneno hukaa kushoto. Ukiona mstari mmoja umejitenga kushoto, pesa hiyo haimo kwenye jumla.

La pili ni namba za simu. Ukiandika namba inayoanza na sifuri, sifuri ya mbele inatoweka. Kabla hujajaza, bofya herufi C juu ya kolamu, nenda Format, Number, kisha Plain text.

Kolamu ya Njia iwekee orodha ya kuchagua: Insert, kisha Dropdown, uandike Simu, Benki, Taslimu. Bila hivyo mmoja ataandika Mpesa, mwingine M-Pesa, mwingine "kwa simu", na siku ya kulinganisha na taarifa ya benki itakuwa kazi. Mstari wa vichwa ugandishe kwa View, Freeze, 1 row, usipotee ukishuka chini.

Nani aandike, nani aangalie

Kitufe cha Share kiko juu kulia. Zipo ngazi tatu: Viewer anaangalia tu, Commenter anaweza kuweka maoni pembeni bila kugusa kitu, Editor anaandika na kufuta. Katika kamati ya watu kumi na tano, waandishi wawe watatu basi: mhazini, katibu na msaidizi mmoja. Wengine wote wawe Viewer. Watu husikia vibaya wakidhani hawaaminiwi, kwa hiyo waeleze mapema kwenye kikao kwamba kuona wanaona kila kitu, sawasawa na anayeandika.

Ruhusa ya kuandika mpe mtu kwa barua pepe yake. Usiigawe kwa linki ya wazi. Ukiweka "Anyone with the link" pamoja na Editor, aliyeandika bila kuingia kwenye akaunti hataonekana jina, na hapo umepoteza faida kubwa kuliko zote za zana hizi, yaani kujua nani kabadilisha nini. Ukiwa umegawa kwa barua pepe, bofya seli yoyote kwa kitufe cha kulia cha mausi uchague Show edit history: utaona ilikuwa imeandikwa nini kabla, nani kaibadilisha, na saa ngapi. Faili zima nalo lina historia yake kwenye File, Version history, unaweza hata kulirudisha lilivyokuwa juzi. Nimeona maneno makali ya pesa yakitulia ndani ya dakika moja kwa sababu ya hicho kidirisha kidogo.

Utasikia "mimi sina imeili". Kama simu yake ni ya Android na anapakua programu, anayo, ila alifunguliwa na muuza simu na hakuambiwa. Afungue Play Store, aguse ile duara ya picha juu kulia, anwani yake itatokea. Mkumbushe pia aweke nywila anayoijua mwenyewe, siyo ya muuza simu.

Kolamu ya Ametoa na Baki zilinde. Chagua E na F, nenda Data, kisha Protect sheets and ranges, ubaki wewe peke yako. Kichupo cha Malipo kilinde vilevile ili mhazini na msaidizi tu ndio waandike.

Linki ya shiti ibandike juu ya grupu la kamati, au iweke kwenye maelezo ya grupu, isizame kwenye salamu za asubuhi. Kamati ya mwisho niliyoiandikia, mwenyekiti alikuwa baba mdogo, naye alinipigia akiwa Himo.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Sasa hilo daftari lako, mimi nikiwa huku nitaliona?"

"Utaliona, baba mdogo. Gusa ile linki iliyoko juu kabisa kwenye grupu."

Akakaa kimya kidogo. "Nimeliona. Mbona hapa kwa shemeji yako pameandikwa baki laki mbili?"

"Hajamalizia."

"Basi ngoja nimpigie mwenyewe."

Jioni ile shemeji alimalizia, na mstari wake ukaingia kwenye Malipo kabla baba mdogo hajapanda gari kurudi mjini.

Lakini angalia ukubwa wa duara. Grupu la kamati ni watu kumi na tano. Grupu la wachangiaji linaweza kuwa na mamia. Shiti yenye namba za simu na ahadi za watu isitupwe huko. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na hata kabla ya sheria ni heshima tu: si kila mtu anataka majirani wajue ameahidi nini. Kumbuka pia kwamba kuficha kichupo hakusaidii, maana mwenye ruhusa ya kuangalia anaweza kujitengenezea nakala akakifunua. Kwa grupu kubwa tuma muhtasari wa jumla kwa PDF, kupitia File, Download. Hiyo ndiyo mara moja tu ninaporuhusu nakala itoke, kwa sababu haiandikwi tena.

Na namba ya kupokelea michango iandikwe sehemu moja ambayo watu wawili tu wanaweza kuibadilisha. Matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii" wanapenda sana misimu ya harusi.

Wenye kitochi

Mama mkubwa wa Mwika ana kitochi na hana haja ya simu nyingine. Shangazi haoni vizuri skrini. Hawa ni wachangiaji, mara nyingi wale wa mwanzo kabisa kutoa, na zana hizi zisiwafanye wajione wageni kwenye harusi ya mtoto wao. Chagua mmoja kati ya mhazini na msaidizi awe mkono wao. Wakitoa, anawaandikia kwenye shiti, halafu anawatumia SMS ya kawaida: tumepokea elfu hamsini, baki yako elfu ishirini, asante mama. Ongeza kolamu F kwenye Malipo, iite SMS, weka alama ukishatuma. Kabla ya kila kikao chapisha ukurasa mmoja wa jumla, upitishwe mezani.

Mihtasari, risiti na mikataba

Hapa ni haraka. Kwenye Google Drive, lile kabati la mafaili, tengeneza folda moja ya harusi, ndani yake weka shiti, hati ya mihtasari, folda ya mikataba na folda ya risiti. Ukilishirikisha folda, kila kinachoingia humo kinafuata ruhusa yake, kwa hiyo fikiri kabla ya kulifungulia watu.

Mihtasari yote iandike kwenye hati moja ya Google Docs, kikao kipya kikae juu ya cha zamani. Andika wakati kikao kinaendelea. Mjumbe aliyeko Dar anasoma mistari ikitokea mbele yake na anaweza kuuliza pembeni kwa Comment. Ukiandika alama ya @ na barua pepe ya mtu ndani ya maoni, anapata taarifa, na unaweza kumkabidhi kazi hiyo kwa jina lake. "Kuulizia bei ya ndafu" ikiwa na jina la mtu mbele yake inafanyika. Ikiachwa ya kamati nzima haifanyiki.

Risiti za vinywaji, mapambo na ukumbi piga kwa programu ya Drive: alama ya kujumlisha, kisha Scan. Inanyoosha karatasi na kuihifadhi kama PDF. Wino wa risiti za mashine hufifia upesi, kwa hiyo piga siku ile ile.

Fomu ya wageni

Kadi za singo na dabo ndizo zinazoumiza kichwa kuliko hata pesa. Andika forms.new, uliza mambo machache: jina, kadi ya singo au dabo, unatokea wapi, utahitaji nafasi kwenye Coaster ya kutoka Arusha? Maswali yakizidi matano watu wanaacha njiani. Kwenye sehemu ya Responses bonyeza Link to Sheets, majibu yote yatamiminika kwenye jedwali, na kamati ya usafiri itahesabu viti bila kumpigia mtu.

Angalia mipangilio miwili. Ukiwasha "Limit to 1 response", kila anayejaza atalazimika kuingia kwenye akaunti ya Google, na wazee wengi wataishia hapo. Swali la kupandisha faili nalo linadai akaunti. Kwa wageni, zima vyote viwili. Atakayejaza mara mbili utamwona kwenye jedwali.

Kalenda, na saa zetu

Vikao viweke kwenye Google Calendar ya akaunti ya kamati, uwaalike wajumbe. Kila mmoja anakumbushwa, na dada aliyeko Marekani anaonyeshwa saa za kwake bila kupiga hesabu. Lakini sisi tunasema kikao saa kumi jioni, na kalenda ukiiandikia 10:00 itaita watu asubuhi. Saa kumi jioni ni 16:00. Kwenye kichwa cha mwaliko andika yote mawili, "Kikao, saa kumi jioni (16:00)", hasa kama kuna waliokaa nje miaka mingi.

Kikao cha mbali kikifanyika kwa Google Meet ya bure, cha watu watatu na kuendelea kina dakika 60. Zoom ya bure ni dakika 40. Kwa kamati inayoanza kwa salamu ndefu na sala, chagua Meet, na shiti iwe wazi mbele ya kila mtu.

Umeme ukikatika, bando likiisha

Hizi zana huhifadhi zenyewe unapoandika. Hakuna kitufe cha Save. Umeme ukikatika katikati ya neno, utakapowaka utalikuta neno liliko. Kwenye simu, gusa vidoti vitatu vya faili uchague Make available offline, kisha unaweza kuandika ukiwa juu huko Marangu mtandao unapoyumba, na ukirudi mtandaoni inajipeleka. Kwenye kompyuta hiyo inapatikana ndani ya Chrome, na iwashwe mapema mtandao ukiwepo. Usiiwashe kwenye mashine ya umma. Kuhusu bando usiwe na hofu: jedwali la namba ni jepesi mno ukililinganisha na video moja ya grupu. Mhazini akiandika bila mtandao, awaambie wenzake, wasije wakarekebisha mstari mmoja kwa wakati ule ule.

Za wengine

Microsoft nao wana Word na Excel za bure ndani ya brauza, pamoja na nafasi ya GB 5 kwenye OneDrive. Kama mhazini wenu kazini kwake anaishi ndani ya Excel, tumieni hiyo, hatua zinafanana. CryptPad, ya Ufaransa, hufunga hati kwa namna ambayo hata wenye seva hawawezi kuisoma. Naipendekeza kwa vikundi vinavyoshika mambo mazito ya watu, kama kesi au ugonjwa, ila nywila ikipotea hakuna wa kukurudishia. Trello ni nzuri kwa kufuatilia kazi nyingi, lakini kamati ya harusi haiihitaji. Orodha ya kazi ndani ya muhtasari inatosha. Anza na shiti. Watu wakishaizoea wataiomba fomu wenyewe.

Siku ya kuvunja kamati

Kabla ya kuvunja, chapisha ukurasa wa mapato na matumizi, usomwe, usainiwe. Kisha kaa na kompyuta saa moja. Ingia takeout.google.com upakue kila kitu cha akaunti ya kamati, uweke kwenye flashi mbili: moja kwa mwenyekiti, moja kwa maharusi wenyewe. Hili ni muhimu kwa sababu akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili Google inaweza kuifuta pamoja na vilivyomo. Funga fomu isipokee majibu. Rudi kwenye Share, ondoa waandishi wote, uhakikishe pameandikwa Restricted.

Na kama mdogo wake bwana harusi naye ameshapeleka posa, usianze upya. Fungua shiti, File, kisha Make a copy, uipe jina jipya. Futa majina, simu, ahadi na mistari ya Malipo, ila kolamu E na F usiziguse. Kamati mpya ifunguliwe akaunti yake, uishirikishe nakala hiyo, kisha uihamishie umiliki kupitia Share. Wataukubali upande wao, na kikao cha kwanza kitakuta daftari liko tayari.